Walter Camp alikuwa kocha wa namna gani?

Orodha za makocha bora wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, katika vyuo vya huko hazikosi jina la Walter Camp wa Chuo Kikuu cha Yale, na chini yake hakosekani mtu wa kuandika: "Huyu angekuwepo leo angelipwa mamilioni." Hapo ndipo ninapochoka.

Kocha mkuu, kwa maana ya leo, ni mwajiriwa: anatafuta wachezaji, anapanga kikosi, anafoka pembeni mwa uwanja, na mambo yakiharibika anapigwa kalamu. Camp, anayehesabiwa kocha wa Yale kuanzia 1888 hadi 1892, hakuwa mtu wa aina hiyo.

Ajira yake ilikuwa kampuni ya saa, New Haven Clock Company. Mazoezi yaligongana na saa za kazi, kwa hiyo mara nyingi aliyekwenda uwanjani ni mkewe Alice, waliyeoana mwaka huohuo wa 1888. Alice alitazama, akaandika alichokiona, jioni akamweleza mumewe. Usiku nahodha na wachezaji kadhaa walifika kwao, mambo yakapangwa nyumbani. Msimu huo Yale ilicheza mechi 13 na kushinda zote, pointi 698 kwa sifuri. Ndiyo, sifuri.

Mwenye timu alikuwa nahodha. Wachezaji wenzake ndio waliomchagua, na mechi ikishaanza neno lake ndilo lililokuwa la mwisho. Mwaka 1888 nahodha huyo alikuwa William Corbin, maarufu kwa jina la Pa. Kuwaelekeza wachezaji kutoka nje ya uwanja hakukuonwa kuwa uungwana, na kwa miaka mingi kanuni zilikukataza kabisa. Camp alikuwa mshauri, mzee wa timu anayefuatwa kwa busara zake, ingawa mzee mwenyewe alikuwa na miaka 29.

Uzito wake hasa ulikuwa kwenye vikao vya kutunga kanuni za mchezo. Mwaka 1880 alifanikisha wachezaji wapunguzwe kutoka 15 hadi 11, na timu moja iachiwe mpira badala ya kuugombania kama kwenye raga. Likazuka balaa: mwaka uliofuata Yale na Princeton zilipokutana, kila moja ilikumbatia mpira kipindi kizima, mechi ikaisha 0–0. Ndipo mwaka 1882 ikaja kanuni ya majaribio matatu kusogea yadi tano, ukishindwa unaachia mpira.

Anayetaka kocha wa kuajiriwa aanze na Amos Alonzo Stagg, mmoja wa vijana wa Yale ya 1888. Mwaka 1892 Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa mshahara na nafasi miongoni mwa walimu wake, naye akakaa hadi 1932. Mwanzoni watu walikuwa pungufu, kocha akaingia kucheza mwenyewe. Kwa Camp, andikeni "mshauri", na jina la Corbin liwekwe kando yake.