Asilimia 6 Yako na Asilimia 12 ya Jirani

Saa nne, wakati wa chai, kwenye kantini ya shamba moja la maua Naivasha, mama mmoja wa banda la kufungashia alinitolea taarifa yake ya pensheni kutoka mkobani. Ilikuwa imekunjwa mara nne, pembeni ina doa la chai.

"Mwalimu, mimi nimepewa riba ya asilimia 6. Jirani yangu wa shamba lile lingine amepewa 12. Nimeibiwa?"

Hajaibiwa. Akiba yake iko kwenye mfuko wenye dhamana: kampuni ya bima inaahidi kwamba alichoweka hakitapungua, na kwamba kila mwaka atapata angalau riba fulani. Mwaka ukiwa mzuri, kampuni hubakiza sehemu ya faida ili ijazie mwaka mbaya. Ya jirani iko kwenye mfuko wa soko. Huko, kinachopatikana kwenye hisa, hati fungani za serikali (mikopo ambayo serikali huilipia riba) na majumba humfikia mwanachama baada ya ada kukatwa, na hasara nayo humfikia vivyo hivyo. Mwaka huu kapata 12, mwaka mwingine atapata sifuri au chini yake. Wanaokumbuka Soko la Hisa la Nairobi wanajua: faharasa ya hisa 20, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni 20, ilipita 6,000 Januari 2007, na kufikia Machi 2009 ilikuwa chini ya 3,000. Aliyestaafu Machi ile na hisa nyingi mfukoni hakuwa na muda wa kungoja bei zipande tena.

Ndiyo maana swali langu la kwanza huwa ni umri. Chukua shilingi 200,000 za kijana wa miaka 35. Zikikua kwa asilimia 6 kila mwaka kwa miaka 20, zinafika kama 641,000. Zikikua kwa 10, zinapita milioni 1.3. Na bei za unga na mafuta nazo zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, zile 641,000 zitanunua kilekile ambacho 200,000 zinanunua leo. Kwa kijana, basi, usalama wa dhamana una gharama yake, tena kubwa, ila haionekani kwenye karatasi.

Katika mipango mingi ya waajiri, wadhamini, yaani wanaousimamia mpango kwa niaba ya wanachama, ndio huwachagulia wote mfuko. Wachache huachiwa wajichagulie, na mwenye mpango wake binafsi huchagua mwenyewe. Hata meneja wa fedha hana uhuru wote: kanuni zimeweka vikomo, kwa mfano hisa za sokoni zisizidi asilimia 70 ya mfuko, na majumba na ardhi zisizidi 30. Mwanachama ana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka pesa zimegawanywaje. Nimekaa mikutano ambayo swali pekee lililoulizwa ni la chakula cha mchana.

Kinachoniuma zaidi ni kuhama. Watu wa maua huhama shamba hadi shamba, na kila mara wengine huchukua sehemu ya akiba wanayoruhusiwa, hununua pikipiki au kulipa karo, halafu wanaanza upya. Karo siwezi kuibeza. Lakini akiba inaweza kuhamishiwa mpango wa mwajiri mpya bila kuguswa, na fomu yake ni fupi kuliko ya kutoa pesa.

Ukistaafu katika mpango wa pensheni, theluthi moja unaweza kuichukua taslimu. Inayobaki unanunulia malipo ya kila mwezi ya maisha kutoka kampuni ya bima, au unaiacha iendelee kuwekezwa huku ukiichota kidogo kidogo, isiyozidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka, kwa muda usiopungua miaka 10. Ya kwanza haikuishii hata ukifika miaka 95. Ya pili inaweza kukuishia, ila ukifariki mapema salio huwaendea uliowaandika. Wengi hawajawahi kusahihisha majina hayo tangu waajiriwe. Nimeona la mume aliyeachwa zamani.

Mama yule ana miaka 57. Nilimshauri abaki hapo hapo kwenye asilimia 6 yake. Akaikunja taarifa mara nne tena, kisha akaniuliza kuhusu mwanawe wa miaka 24, anayefanya kazi shamba hilo hilo na yuko mfuko uleule.

Huyo nilimwambia amlete, na aje na maswali ya kuwauliza wadhamini.