Je, wajua kwa nini mshairi Jeffers aliona afadhali kuua mtu kuliko kipanga?

Upo mstari mmoja katika ushairi wa Marekani ambao anayeusoma mara ya kwanza husita, akarudi kuusoma tena kuhakikisha macho hayajamdanganya. Mshairi anasema kwamba kama si adhabu inayofuata, angeona afadhali kuua mtu kuliko kipanga. Aliyeuandika ni Robinson Jeffers, katika shairi "Hurt Hawks" lililomo kwenye kitabu chake cha mwaka 1928. Wasomaji wengi huishia hapo na kumhukumu kwamba alichukia watu. Mimi naona wanaishia mapema mno, maana jibu liko kwenye mistari inayofuata.

Kipanga anayesimuliwa alikuwa amevunjika bawa. Mfupa ulikuwa umesagika kiasi cha kutoungika tena, na kila alipojongea bawa lilimburuzikia chini ya kucha. Walimlisha kwa wiki sita, kisha Jeffers akamwachia. Ndege akazurura kwenye kilima kinachotazama bahari, na jioni akarudi. Hakurudi kama ombaomba. Macho yake yalikuwa na ujeuri uleule wa zamani, na alichokuja kuomba ni kifo. Mshairi akampiga risasi wakati wa magharibi. Kilichoanguka chini, anasema, kilikuwa kitu laini chenye manyoya mororo kama ya bundi. Kilichopaa kilikuwa kingine kabisa, kikali, hata ndege wa mtoni wakapiga kelele za hofu kilipokuwa kikiinuka.

Kwa hiyo aliyesema heri kuua mtu ndiye huyohuyo aliyelazimika kuua kipanga, tena baada ya kumuuguza mwezi na nusu. Ukiusoma mstari ule ukijua hivyo, utamsikia mtu anayeugua kwa jambo asilotaka kulifanya. Lakini ndani yake kuna pia fikra nzito aliyoishi nayo miaka mingi, na haikutokana na hasira ya siku moja.

Jeffers alizaliwa mwaka 1887 Pennsylvania. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri na profesa wa Agano la Kale, akamfundisha mwanawe Kigiriki angali mtoto mdogo, kisha akampeleka shule za bweni Uswisi na Ujerumani. Kijana alimaliza shahada yake ya kwanza mwaka 1905 akiwa na miaka 18. Baadaye akasomea udaktari kwa muda, akasomea misitu, na vyote akaviacha. Ndugu yake Hamilton akawa mwanafalaki, mtaalamu wa nyota. Hayo si mambo ya kupita tu. Mtu aliyeona maiti ikipasuliwa, akasoma jinsi mti unavyokua, na ndugu yake anapima nyota, ana sababu ya kujiuliza binadamu ni mkubwa kiasi gani hasa.

Swali hilo lilimkaa mikononi kabla ya kukaa kwenye karatasi. Mwaka 1914 yeye na mkewe Una walihamia Carmel, pwani ya California, na mwaka 1918 wakaanza kujenga nyumba ya mawe juu ya ufuko. Jeffers hakuwa fundi. Alijiunga na waashi kama kibarua kwenye nyumba yake mwenyewe, akibeba mawe ya matale yaliyolainishwa na mawimbi na kujifunza jinsi ya kuyapanga. Una aliandika baadaye kwamba kazi ile ilimbadilisha: aliposaidia kuyasogeza mawe yale alitambua undugu fulani nayo, akapata mwamko mithili ya ule wa mtu aliyeongoka. Jeffers alikuwa na miaka 31.

Nyumba ilipokwisha wakaiita Tor House. Kisha, kuanzia mwaka 1920, akaanza peke yake kumjengea Una mnara. Asubuhi aliandika, alasiri alijenga. Aliviringisha mawe kutoka ufukweni, akayapandisha kwa kapi na kamba, jiwe baada ya jiwe, kwa takriban miaka minne. Mnara huo, Hawk Tower, una urefu wa kama mita 12 na bado umesimama. Katika shairi moja anasema vidole vyake vilijua ufundi wa kulifanya jiwe lipende jiwe. Aliyewahi kumwangalia fundi mwashi akiligeuzageuza jiwe mpaka likae penyewe, bila kulilazimisha, ataelewa kwamba maneno hayo yameandikwa na mtu aliyeshika jiwe kweli.

Kuna shairi jingine ambalo kwangu ndilo mlango wa falsafa yake yote. Analizungumzia jiwe litakalokuwa la pembeni la nyumba, na kulimiminia divai, maziwa na asali. Kwetu tungesema anatambika. Analiita jiwe rafiki wa kale, analiomba nguvu za wakati uliopita, na yeye analiahidi mabawa ya wakati ujao. Hapo mtu hajaketi juu ya jiwe kama mwenye mali. Wamekaa sawa, wanakopeshana.

Fikra hiyo aliipa jina mwaka 1948, katika utangulizi wa kitabu chake "The Double Axe": inhumanizimu. Jina hilo limemponza, maana kwa Kiingereza linasikika kama ukatili, na yeye mwenyewe alisisitiza kwamba halihusiani na kuchukia watu wala kukata tamaa. Alichomaanisha ni kuhamisha uzito, kutoka kwa mtu kwenda kwa kila kisichokuwa mtu. Binadamu si kitovu cha ulimwengu, na maovu yake hayana uzito mkubwa ulimwenguni kama vile furaha yake isivyokuwa nao. Mtoto mchanga hudhani dunia nzima ipo kwa ajili yake. Akikua anagundua kuna wengine. Jeffers aliona umefika wakati jamii yote ya wanadamu ianze kufikiri kama mtu mzima.

Lakini ukimwondoa mtu katikati, unaweka nini? Hapa ndipo anapotofautiana na wale wanaosema ulimwengu hauna maana yoyote. Katika barua kwa mtawa mmoja mwaka 1934 alieleza imani yake: ulimwengu wote ni kiumbe kimoja, kila sehemu yake ni sura tofauti ya nguvu ileile, na zote zinawasiliana. Kiumbe hicho ni kizuri mno hata analazimika kukipenda na kukiona kuwa ni cha kimungu, na akaongeza kwamba kuna amani katika kuuelekeza upendo nje badala ya kujizungushia wenyewe. Msomaji aliyelelewa kumtenga Muumba na viumbe vyake ataona Jeffers amevuka mpaka, na ni kweli ameuvuka. Hata hivyo, ule unyenyekevu wa mtu mbele ya kilicho kikubwa kuliko yeye hauhitaji tafsiri kwa yeyote aliyewahi kusimama ufukweni usiku.

Pale ninaposhindwa kumfuata ni kwenye vita. Katika utangulizi uleule wa "The Double Axe" anapendekeza mtu aishi kwa kujitenga kwa busara, badala ya kuongozwa na mapenzi, chuki na wivu. Alipinga Marekani kuingia Vita vya Pili vya Dunia, na mashairi ya kitabu hicho yaliwashambulia viongozi wa vita kwa ukali kiasi kwamba mchapishaji wake, Random House, aliyaacha mashairi kumi nje, kisha akatia tangazo kitabuni akisema haafikiani na maoni ya kisiasa ya mshairi. Mwaka 1932 sura yake ilikuwa jaladani mwa jarida la Time. Baada ya 1948 sifa yake ilianguka vibaya. Cha kugusa ni kwamba hata yeye mwenyewe hakuweza kujitenga. Shairi refu linalofungua kitabu linamsimulia askari aliyekufa, anayerudi nyumbani kwa ghadhabu dhidi ya baba yake aliyeshabikia vita. Mtu anayeamini kweli kwamba vifo vya watu ni vidogo haandiki hivyo. Alikuwa anaumia, kama alivyoumia kwa kipanga.

Waliomrudisha ni watetezi wa mazingira. Katika shairi "The Answer" alikuwa ameandika kwamba uzuri mkuu ni ukamilifu wa uhai na vitu vyote pamoja, na akatuasa tuupende huo, tusimpende mtu aliyetengwa nao. Mwaka 1965 shirika la Sierra Club lilichukua maneno matatu ya hapo kuwa jina la kitabu cha picha za pwani ya Big Sur, kusini kidogo mwa nyumbani kwake. Wazo la kwamba mto au msitu una haki ya kuwepo hata usipomfaa mtu, ambalo leo linajadiliwa mabungeni na mahakamani, Jeffers alikuwa akiliimba tangu miaka ya 1920.

Una alifariki mwaka 1950, na yeye akamfuata Januari 1962, akiwa na miaka 75, palepale Tor House. Alikuwa amepanda miti mingi kuzunguka nyumba, mikaratusi na misaipresi, lakini hakuitegemea. Katika shairi lenye jina la nyumba anamwelekeza mtu atakayepatafuta mahali pale baada ya vizazi kadhaa: huenda miti michache itakuwa imebaki, ila moto na shoka ni mashetani, basi atafute misingi ya mawe yaliyoliwa na bahari. Asubuhi atawaona shakwe weupe wakicheza juu ya maji. Mzimu wangu, anasema, usijisumbue kuutafuta. Pengine upo hapahapa, lakini ndani kabisa ya jiwe.