Mwanaanga wetu hana mstari wa uhai

Kosa kubwa la toleo la kwanza la gemu yetu, inayofundisha mwili wa mwanaanga unavyobadilika angani, sikuliona mimi niliyesomea fiziolojia. Lilionwa na kijana wa kidato cha pili. Tulikuwa maabara ya biolojia, simu nne juu ya meza, vijana kumi na wawili wakipokezana. Mwanaanga wetu alikuwa na mstari mwekundu wa uhai juu ya kichwa, na kila siku aliyokaa angani mstari ulipungua kidogo. Ukiisha, amekufa. Kijana akacheza mpaka mwanaanga akafa, akanigeukia.

"Mwalimu, huyu kauawa na nini? Mbona hakuna aliyempiga?"

Nikaanza kumweleza habari za uvutano, mifupa, misuli, damu. Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza: "Sasa hayo mbona hayamo kwenye gemu?"

Usiku ule nilimpigia mwenzangu anayeandika programu ya gemu, nikamwambia tufute mstari. Akaguna. "Kaka, bila mstari mchezaji atajuaje kwamba anashindwa?" Nikamjibu kwamba hata mwanaanga mwenyewe hajui, na hapo ndipo gemu ilipo.

Nje ya chombo anga linaua upesi, hilo halina ubishi. Lakini ndani, penye hewa na joto la kutosha, mwili haushambuliwi na kitu kila siku. Unachofanya ni kuzoea. Unaangalia kazi zilizopo, unaona miguu haibebi mzigo, unapunguza matumizi, kama familia inayofunga vyumba visivyolaliwa. Mwanaanga anajisikia vizuri tu. Bili inakuja siku ya kurudi nyumbani.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana karibu kila darasa linaniambia kwamba huko juu hakuna uvutano. Upo. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kiasi cha kilomita 400 juu ya ardhi, na kwa umbali huo uvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu tunaoujua. Wanaanga wanaelea kwa sababu kituo na kila kilichomo vinaanguka pamoja. Kinakwenda mbele kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, kwa hiyo kila kinavyoanguka, mviringo wa dunia nao unainama chini yake, na hakigoti kamwe. Anayeanguka pamoja na sakafu yake hawezi kuikanyaga. Mfupa wa nyonga, uliozoea kubeba kiwiliwili kutwa, unabaki bila kazi.

Tulipofuta mstari tuliacha kompyuta wiki mbili, tukarudi kwenye ubao. Nasema ubao wa bao, nilioazima kwa wazee wa kijiweni kwa masharti ya kuurudisha kabla ya alasiri. Nilitaka kuona mfupa unavyopungua kwa vitu vinavyoshikika.

Mfupa hai ni jengo lenye mafundi wa aina mbili wanaofanya kazi bila kupumzika. Kuna seli zinazobomoa mfupa wa zamani na seli zinazojenga mpya, na hapa duniani kwa mtu mzima mwenye afya wanakwenda karibu sambamba. Mzigo ndio unaowapa taarifa: hapa panabeba, hapa hapabebi. Mzigo ukiondoka, wabomoaji wanazidi na wajenzi hawafidii. Bila kinga ya kutosha, nyonga ya mwanaanga hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya madini yake kwa mwezi.

Bao la kiswahili lina kete 64. Nikapiga hesabu kwenye kikaratasi cha vocha: kete moja kati ya 64 ni asilimia 1.56. Yaani ubao mzima ukiwa ndiyo nyonga, mwezi mmoja angani ni kete moja! Nilicheka peke yangu. Kanuni ikawa rahisi kuliko zote tulizowahi kuandika: kila mwezi ukipita bila mazoezi, toa kete moja.

Vijana walipoijaribu hawakushtuka hata kidogo. "Kete moja tu?" Mwezi wa pili, kete moja tu. Hakuna aliyejali, na nilifurahi mno, kwa kuwa hivyo ndivyo mfupa unavyopotea. Hauumi. Ikifika miezi sita zimetoka kete sita, asilimia tisa na ushee ya nyonga, na ubao bado unaonekana umejaa.

Lakini kete iliyotoka haitupwi. Hapo ndipo ubao ulipoanza kutufundisha sisi tulioutengeneza. Kalisi, madini ya mfupa, inayobomolewa humo inaingia kwenye damu, figo zinaichuja, inatoka na mkojo. Tukaweka kisahani cha damu na kisahani cha figo. Kete zikilundikana kwenye figo na mchezaji amekuwa mchoyo wa maji, anapata kijiwe cha figo katikati ya safari. Na maji yenyewe yanatoka wapi? Kwenye kituo, mengi ni jasho na mkojo wao wenyewe uliosafishwa. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, ilitangaza kwamba mfumo huo umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Kwa hiyo mtambo wa maji ukiharibika kwenye gemu, mchezaji anayebana maji analiona tatizo kwenye figo, na asili yake ni nyonga. Sikuandika sentensi hata moja ya kueleza mnyororo huo. Binti mmoja aliufuata kwa kidole juu ya meza, kutoka kisahani hadi kisahani, akasema: "Kumbe figo inaumwa kwa kosa la mguu."

Dawa ni mazoezi. Wanaanga wa kituo hutengewa kama saa mbili na nusu kwa siku, zikiwemo za kufunga na kufungua vifaa. Chuma cha kunyanyua hakina uzito kule, kwa hiyo mashine yao ya kunyanyua hutumia mitungi yenye ombwe, yaani isiyo na hewa, inayovuta pistoni, na kwenye mashine ya kukimbilia mtu hufungwa mikanda inayomvuta chini. Kwenye gemu siku ina nafasi nane za kazi, na mazoezi yanakula mbili. Kila mchezaji mpya huziiba nafasi hizo kwa ajili ya majaribio ya kisayansi yenye pointi. Mwenzangu alitaka tuweke kengele ya kukumbusha. Nilikataa, tukanuniana siku tatu, na bado nadhani nilikuwa sahihi.

Damu tuliifanya kwa picha moja. Bila uzito, majimaji ya miguuni hupanda kifuani na kichwani. Uso unavimba, pua inaziba, miguu inakonda. Mwili unahisi maji yamezidi, na kiasi cha plazma, yaani majimaji ya damu, kinashuka. Mwanafunzi mmoja alijitolea kulala juu ya benchi tulilolipandisha upande wa miguu kwa vitabu. Baada ya muda akasema uso mzito na pua imeziba, na wenzake wakamcheka sauti yake. Watafiti hufanya hivyo kwa dhati: huko Cologne, Ujerumani, mwaka 2019 watu walilazwa siku 60 vichwa vikiwa vimeinama nyuzi 6, kuigiza mwili ulioko angani. Yule wetu aliomba kushuka kabla ya kengele ya chai.

Mionzi imetushinda, niseme ukweli. Kipimo kilichosafiri na gari la utafiti la Curiosity kuelekea sayari ya Mars kilionyesha kama milisivati 1.8 (kizio cha kupimia mionzi) kwa siku ndani ya chombo, wakati picha moja ya eksirei ya kifua ni kama 0.1. Takwimu inatisha, ila gharama yake ni uwezekano wa saratani miaka mingi baadaye, na gemu ya dakika ishirini haina miaka mingi. Tulijaribu kurusha dadu mwishoni, vijana wakaita kamari. Tumeitoa mpaka tupate akili nyingine.

Lugha nayo ilitupa kazi. Sekondari zetu zinafundisha biolojia kwa Kiingereza, na baadhi ya walimu wenzangu waliuliza kwa nini niwachanganye watoto. Mimi niliona kwamba anayecheza kwa Kiingereza anakariri jina la seli, na anayecheza kwa Kiswahili anagombana nayo: "Huyu mbomoaji mshenzi sana!" Kwa hiyo ni mbomoaji na mjenzi. Ukibonyeza na kushikilia, jina la Kiingereza la kwenye mtihani linatokea.

Kiufundi hakuna makubwa. Tumetumia Godot, injini ya bure ya kutengenezea gemu, isiyodai ada ya leseni. Gemu nzima ni MB 38, inafunguka kwenye simu ndogo, na haigusi bando. Chombo tumekiita Uhuru, jina la setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Watoto wengi hawakuwa wamesikia habari hiyo, na wawili walidhani nimeitunga.

Mstari wa uhai haujarudi. Badala yake kuna mwisho wa aina moja: kapsuli ya kurudia duniani imetua nyikani, mlango uko wazi, kiti kiko hatua kumi mbele. Aliyekunywa maji yenye chumvi kabla ya kushuka, kama wanaanga wanavyofanya ili kuongeza ujazo wa damu, hapati kizunguzungu mapema. Aliyefanya mazoezi ana mguu wa kusimamia. Mwanaanga Mrusi Valeri Polyakov alikaa siku 437 kwenye Mir, kituo cha anga cha Urusi, akatua Machi 1995, na akatembea mwenyewe hadi kwenye kiti kilichokuwa karibu na kapsuli. Hatua zetu kumi tumezichukua kwake.

Wiki iliyopita yule binti wa visahani alifika hatua ya nne, skrini ikaanza kuingia giza, mwanaanga akapiga magoti mchangani. Akabonyeza kila kona akitafuta pa kurudia.

"Mwalimu, nirudishe mwezi wa pili tu, nifanye mazoezi."

Nikamwambia kitufe hicho hakipo. Akanitazama vibaya, akaanza safari upya, na siku ya kwanza angani akamfunga mwanaanga wake mikanda.