Chanjo Inayopikwa Ndani ya Mfereji Mwembamba

Kila apikaye uji anajua: unga ukimwagwa ovyo kwenye maji ya moto, hutoka mabonge. Watengenezaji wa chanjo za mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kuiwezesha seli kutengeneza protini, wana kazi inayofanana na hiyo, ila bonge lao linatakiwa liwe la takribani nanomita 100, na yote yalingane. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko hapo mara mamia.

mRNA ikidungwa peke yake huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya mwili kabla haijaingia kwenye seli. Ndiyo maana hufungwa ndani ya chembe ya lipidi, yaani mafuta. Lipidi huyeyushwa kwenye ethanoli, mRNA huwekwa kwenye maji yenye asidi kidogo, kisha viwili hivyo hukutanishwa. Vikichanganyika taratibu, chembe hutoka kubwa na za kila namna. Vikichanganyika ndani ya milisekunde chache, hutoka ndogo na zinazolingana.

Hapo ndipo inapoingia maikrofluidiki, yaani ufundi wa kupitisha vimiminika kwenye mifereji myembamba sana. Chukua kibao cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye mfereji wa upana wa milimita 0.2 hivi. Tatizo ni kwamba kwenye njia nyembamba kiasi hicho vimiminika havivurugiki kama maji ya mto. Hutiririka bega kwa bega, kila kimoja na upande wake. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha dawa yake: walichonga mifuo ya mshazari kwenye sakafu ya mfereji, mfano wa mifupa ya samaki. Mkondo ukipita juu yake hujikunja na kujisokota tena na tena. Kwangu mimi huu ni ubunifu wa kupendeza mno, maana hakuna kinachozunguka wala cha kupaka grisi. Kwenye tundu la kutokea hudondoka kimiminika cheupe kwa mbali, kama maji yaliyosuuzia kikombe cha maziwa. Weupe ule ndio chembe zenyewe.

Mfereji haupanuliwi ili kupata dawa nyingi, kwani uchanganyaji ungebadilika. Huongezwa mifereji mingine kando yake.

Kenya ni miongoni mwa nchi 6 za Afrika ambazo Shirika la Afya Duniani lilitangaza Februari 2022 kuwa zitapewa teknolojia ya mRNA kutoka kituo cha Afrika Kusini. Kwa maabara zetu, faida kubwa ya kibao hiki ni uchache wa malighafi: mRNA ni ghali, na hapa matone machache yanatosha kujaribu fomula moja ya lipidi, kisha nyingine, siku hiyohiyo. Kijana anayeanza kazi hii apime kwanza ukubwa wa chembe. Zisipolingana, asimdunge panya. Arudi kwenye kasi ya pampu inayosukuma vimiminika mferejini.