Noti saba kwenye gitaa la nyuzi sita

Ijumaa kijana mmoja kutoka Kayole aliniletea wimbo kwenye fleshi. Kabla hata sijavaa hedifoni akauliza: "Hauna VST moja ya gitaa, ile kali kabisa?" VST ni programu ya ala, plagini inayolia ndani ya kompyuta. Ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kulijibu swali hilo mlangoni, basi nalijibu hapa.

Dhana yenyewe ni kwamba gitaa au kinanda cha ndani ya kompyuta kikilia kama simu ya zamani, kosa ni la programu. Tafuta mpya, ya gigabaiti hamsini, na mambo yatanyooka. Hapana. Gitaa alilokuwa nalo kijana yule hata mimi nalitumia. Nilipofungua ukurasa wa noti nilikuta kila noti ina nguvu 100, zote zimesimama kwenye mistari kama wanafunzi wa paredi, na kordi ya kwanza ina noti saba. Gitaa lina nyuzi sita. Hiyo ya saba inapigwa na nani?

Tangu MIDI, lugha ambayo ala na kompyuta huzungumziana, ianze mwaka 1983, kinachosafiri kutoka kwenye kibodi ya muziki si sauti, ni habari tu: noti ipi, imeguswa kwa nguvu gani kati ya 1 na 127, imeachiliwa lini. Watengenezaji wa ala nzuri hurekodi kila noti ikiguswa taratibu, kiasi, na kwa kishindo, kisha hurudia kila mguso mara kadhaa ili noti mbili zinazofuatana zisifanane. Ukiandika 100 kila mahali, umelipia tabaka zote ukatumia moja. Zilizobaki zinakujazia diski.

Piga kwa vidole, hata ukikosea. Kibodi ya vitufe 25, hata ya mtumba, naithamini kuliko VST yoyote. Kama huna, shika kipanya: shusha noti dhaifu hadi 60 hivi, acha zenye mkazo zipande, na kordi ya gitaa usiiangushe kwa mpigo mmoja, achanisha nyuzi kwa milisekunde 10 hadi 20, jinsi mkono unavyozipitia. Kwenye muziki wa benga ndiyo utaumbuka haraka, maana magitaa yanajibizana, na ukiyanyoosha yote kwa gridi moja unapata cherehani. Tarumbeta nayo inataka pumzi. Mstari usioweza kuuimba bila kuvuta hewa, mpigaji naye hauwezi.

Inayoniuma zaidi ni nyatiti, kinubi cha Waluo. Mtu anapata sampuli za nyuzi zake nane, halafu anashangaa mbona haichezeki. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anagonga nayo ubavu wa ala, na njuga ziko mguuni. Ngoma yote iko hapo chini! Kwa hiyo sina plagini ya kukupa. Tafuta mpigaji, mlipe, mrekodi.

Mengine nitayapitia mbiombio.

Eti ala za bure ni takataka. Surge XT ni ya bure kabisa na Vital ina toleo la bure. Besi nilizotengeneza kwa hizo mbili zimenilipia nyumba zaidi ya mwezi mmoja.

Eti ukirekodi kwa kilohezi 96, yaani vipimo 96,000 vya sauti kwa sekunde, sauti inakuwa safi zaidi. Kilohezi 44.1 tayari inanasa mawimbi hadi kilohezi 22, na sikio changa la binadamu linaishia karibu 20. Labda unarekodia popo.

Eti kibodi ikichelewa kulia, laptopu imezeeka. Angalia bafa kwanza, yaani fungu la vipimo vya sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa. Kwa vipimo 44,100 kwa sekunde, bafa ya 128 ni karibu milisekunde 3. Ya 2048 ni 46, na hapo kidole na sauti havikutani. Weka 128 unapopiga, pandisha unapomiksi. Kwenye Windows tumia draiva ya ASIO, ile inayopunguza ucheleweshaji wa sauti. Kama kadi yako ya sauti haina yake, ASIO4ALL ni ya bure.

Yule wa Kayole alikuwa kwenye 2048. Kibodi anayo, iko chini ya kitanda tangu Januari. Aliona imeharibika, ndipo akaanza kuchora noti kwa kipanya.