Golden Gate siyo kazi ya Strauss peke yake
Ukiuliza nani alidizaini daraja la Golden Gate pale San Francisco utaambiwa Joseph Strauss, na sanamu yake kweli ipo pale darajani. Ila mchoro wake wa kwanza, ule wa 1921, ulikuwa mseto wa vyuma vizito na nyaya, mbaya jamani, sidhani kama kuna mtu angepiga nao selfi. Wazo la daraja la kuning'inia lenye mita 1,280 kati ya minara lilitoka kwa Leon Moisseiff, injinia mshauri wa New York, halafu hesabu zenyewe, minara ibebe uzito gani, upepo ukisukuma iende wapi, alizipiga Charles Ellis akiwa ofisini kwa Strauss huku wakitumiana telegramu na Moisseiff. Mwishoni mwa 1931 Strauss akampa Ellis likizo kisha akamfuta kazi, na jina lake halikutajwa. Ellis akaendelea kuhakiki hesabu nyumbani bila hata senti.

Strauss naye asibezwe, yeye ndo alipambana miaka yote na wanasiasa na wenye pesa mpaka likafunguliwa 1937. Wasimamizi wa daraja walikuja kumtambua Ellis rasmi 2007, keshafariki tangu 1949.