Ubaguzi wa dini kazini: itazame karatasi ya zamu

Nashughulika na migogoro ya kazi hapa Unguja, na wengi wanaonijia wanatoka kwenye mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje. Katika malalamiko ya dini ni nadra sana kusikia meneja amemwambia mtu waziwazi, "Sikutaki kwa dini yako." Mtu huambiwa sare haimkai, wageni wanapenda muonekano fulani, zamu zimeshapangwa. Kwa hiyo mlalamikaji anafika na uchungu wa kweli, lakini mkononi hana kitu.

Chukua mfano wa binti aliyesomea utalii akaajiriwa mapokezi. Wiki za mafunzo alivaa mtandio wake na hakuna aliyesema neno. Mara akahamishiwa dobi, "kwa muda tu". Mshahara ule ule, ila bakshishi hakuna tena, na kazi aliyoisomea imempita. La kwanza ninalouliza hapo ni kanuni ya sare: imeandikwa? Inasemaje kuhusu kufunika kichwa? Ikiwa haisemi chochote, tunaandika barua fupi ya kuomba sababu ya uhamisho kwa maandishi. Barua ya namna hiyo haimtuhumu mtu, lakini inamtaka mwajiri ataje sababu na abaki nayo. Akisema leo sare, kesho uzoefu, keshokutwa malalamiko ya wageni ambayo hakuna aliyeyaona, msuluhishi ataelewa upesi.

Haki hii si ya Waislamu peke yetu. Wapo vijana Wakristo kutoka Bara wanaopangiwa zamu ya asubuhi kila Jumapili, miezi nenda miezi rudi, na wenzao wanaachiwa Ijumaa mchana bila hata kuomba. Huo ni ubaguzi, na wengi wetu hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Ramadhani nayo, jiko la wafanyakazi hufungwa mchana, na asiyefunga anabaki kula biskuti nyuma ya stoo kama mwizi. Mwezi mtukufu tuuheshimu, na chumba kimoja chenye pazia cha kulia hakiupunguzii heshima yake hata chembe.

Sheria iko wazi. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inakataza ubaguzi katika kifungu cha 12, dini ikiwa imetajwa humo, na kifungu cha 19 kinalinda uhuru wa imani. Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 inaupiga marufuku kazini. Tanzania imeridhia pia Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958. Mkataba huo unaacha nafasi kwa sharti linalotokana na kazi yenyewe: msikiti ukitafuta imamu, ni haki yake kutaka Muislamu. Kupokea mizigo ya wageni na kuwapa funguo hakuna sharti hilo. Pombe ndiyo ngumu zaidi. Aliyeomba kazi ya baa huku akijua ni baa, sioni atashinda vipi. Aliyeajiriwa kusafisha vyumba kisha akalazimishwa kubeba trei za bia, huyo ana hoja, na aombe kwa maandishi arudishwe kwenye kazi ya mkataba wake.

Njia ya kupeleka shauri inawapoteza wengi. Kazi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake, kwa hiyo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Bara si mahali pake. Mahakama ya Kadhi nayo haihusiki, hata kama ugomvi ni wa dini. Anza kwa mwajiri, pamoja na tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo. Kisha nenda Kamisheni ya Kazi, ofisi ya serikali ya Zanzibar inayoshughulikia mambo ya kazi, wakuelekeze kwenye usuluhishi wa migogoro ya kazi uliowekwa chini ya sheria ya mahusiano kazini ya 2005. Usikae na shauri lako ukingoja mambo yapoe.

Kinachonisumbua zaidi ni masika. Mvua za Aprili na Mei zikiingia, mahoteli mengi hufunga au hupunguza watu, na aliyelalamika Disemba huambiwa mkataba umekwisha. Juni wenzake wanaitwa, yeye kimya. Hapo utahitaji kuonesha nani alifanya kazi kama yako, nani ameitwa tena, na mfanyakazi gani mpya amewekwa nafasi yako. Karatasi ya zamu hubandikwa mlangoni mwa jiko la wafanyakazi. Ipige picha kila wiki kabla haijabanduliwa. Ujumbe wa WhatsApp wa msimamizi, hata wa sauti, usiufute. Nakala zote mtumie mtu wa nyumbani unayemuamini, maana simu ya kazini unairudisha siku ile ile unayoachishwa.